Simu za Mkononi na Afya za Nyumba Zetu



Zamani mwenye kutaka kujua habari za afya yake hakuwa na budi kumwendea tabibu, au mkunga, au kuwauliza wazee wa nyumba. Leo habari yenyewe ndiyo imfuatayo mtu. Yaingia mfukoni mwake alfajiri naye angali kitandani, yamfikia shambani akiwa na jembe mkononi, yamkuta sokoni akipima mchele. Yamwambia mjamzito siku ya kwenda kliniki, na mzazi siku ya chanjo, na mgonjwa wakati wa kumeza dawa yake. Sisi hatuna ugomvi na jambo hili. Tunalotaka kulitazama mwezi huu ni hili: habari hizo zikisha kufika, huwaje? Nani huzisoma, nani huzifuata, na kwa sababu gani watu wengi huzipokea kwa furaha mwanzoni kisha wakaziacha njiani?

Hapa kwetu Peramiho uganga si jambo geni. Wamisionari wa Kibenediktini walifika mahali hapa mwaka 1898, na hospitali yao ya Mtakatifu Yosefu imekuwa kimbilio la watu wa Songea, wa Mbinga, wa Namtumbo na wa mbali zaidi kwa miaka mingi. Watu wa dini zote huingia kwa mlango mmoja. Nasi Waislamu, ambao hapa tu wachache kwa hesabu, wake zetu wamezalia humo na watoto wetu wametibiwa humo. Basi hatuwezi kusema, kama wasemavyo wenzetu walio vijiji vya ndani, kwamba tabibu yuko mbali. Walakini wako kina mama ambao mapaa ya hospitali huyaona wakiwa uani kwao, nao huanza kliniki mimba ikiwa imekwisha fika mwezi wa sita. Ukiwauliza, mmoja atakuambia alikuwa akingoja kitenge kipya cha kuvaa, wa pili kwamba mama mkwe alisema bado mapema, na wa tatu kwamba hakuwa ameambiwa na mtu. Huyu wa tatu ndiye aliyetengenezewa simu.

Mwezi wa Novemba 2012 Wizara ya Afya na Ustawi wa Jamii, pamoja na washirika wake, ilianzisha kampeni iliyoitwa Wazazi Nipendeni. Mabango yakabandikwa, redio zikatangaza. Mtu aliyetaka aliandika neno MTOTO katika simu yake akalipeleka kwenye namba 15001, bila kulipa hata senti moja. Akaulizwa mimba ina wiki ngapi, au mtoto ana umri gani, na toka siku hiyo akaanza kupelekewa maneno mafupi ya Kiswahili yaliyolingana na hali yake: kwenda kliniki mapema, kulala ndani ya chandarua, kupima damu ili mtoto asiambukizwe Ukimwi, kuweka akiba ya nauli kabla siku haijafika, na kuzijua dalili za hatari. Maneno hayo yaliendelea mpaka mtoto afikie wiki 16 tangu kuzaliwa. Katika miaka michache waliojiandikisha wakawa mamia ya maelfu. Tena uliwekwa mlango wa pili, ambao watu wengi hawakuutazama: mume, au ndugu, au rafiki wa mjamzito aliweza kujiandikisha kama msaidizi, naye akapata maneno yake mbali.

Umuhimu wa mlango huo wa pili tuliuona kwa macho yetu. Katika siku ambazo mpango ule ulikuwa ukitangazwa sana, alikuwako mke wa jirani yetu mmoja, mwanamke kijana, mimba yake ya kwanza. Mumewe huuza dagaa wa Ziwa Nyasa, na biashara yake humfikisha mpaka Tunduru, akakaa huko wiki mbili au tatu. Nyumba ilikuwa na simu moja tu, nayo hufuatana na biashara. Basi bwana yule, kwa nia njema, aliandika neno MTOTO katika simu yake, akazihesabu wiki za mimba ya mkewe, akajiandikisha kana kwamba yeye ndiye mama. Maneno yakawa yafika Tunduru, na mimba iko Peramiho.

Lilipokuja neno la kueleza uvimbe wa uso na mikono, na kichwa kuuma kusikopoa, na macho kuona kiwi, yeye alikuwa gulioni. Simu yake ilikuwa imejaa matangazo, mengine ya vifurushi na mengine ya bahati nasibu, naye alifuta yote pamoja bila kuyasoma. Huku nyumbani mkewe alikuwa na siku mbili kichwa chamuuma, na wazee wakimwambia kwamba mimba ya kwanza ndivyo ilivyo. Aliyemtoa ni mwanamke jirani, ambaye dada yake aliwahi kufa kwa kifafa cha mimba. Alimtazama uso, akamkamata mkono, wakaenda hospitalini jioni ile ile. Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo sana, lakini wote wawili wako hai, na mtoto sasa asoma juzuu kwetu.

Hapo hatusemi kwamba simu haikufaa kitu. Neno lililokuwa ndani yake lilikuwa ndilo hasa, na lilifika kwa wakati wake. Lilimfikia asiyeumwa na kichwa. Mwenye kuhesabu maneno yaliyopelekwa atalihesabu hilo kuwa limefika salama, na kwa hesabu yake ni kweli.

Hesabu za simu zina udanganyifu wa namna hii. Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa habari kwamba mwishoni mwa mwaka 2023 laini za simu katika Tanzania zilikuwa zimepita milioni 70. Mtu asikiaye hivyo adhani kila mtu ana simu yake. Kumbe yuko kijana mwenye laini tatu, na iko nyumba ya watu saba yenye laini moja, na aghalabu aishikaye ni baba. Huwezi kusema na mama kwa mdomo wa baba ukatumaini kwamba kila neno litavuka.

Wenzetu wa Unguja walilipima jambo hili kwa uangalifu mkubwa. Katika mwaka 2009 na 2010 wajawazito 2,550 waliandikwa katika vituo 24 vya afya vya kisiwa hicho. Nusu ya vituo viliendelea kwa desturi yake. Katika nusu ya pili wanawake walipelekewa maneno ya simu, na tena walipewa vocha ili waweze kumpigia mkunga wao wenyewe pindi wakiwa na shaka. Matokeo yakaanza kutangazwa mwaka 2012. Katika wale waliopata simu na vocha, wanawake 60 katika kila 100 walizaa mbele ya mkunga au tabibu aliyesomea kazi yake, na katika wengine walikuwa 47. Waliokwenda kliniki mara nne au zaidi walikuwa 44 katika kila 100, na wenzao 31. Tofauti hiyo si ndogo.

Lakini liko jambo lililotushughulisha zaidi kuliko hesabu zenyewe. Katika habari ya kuzaa mbele ya mkunga, faida ilionekana kwa wanawake wa mjini, na wa shamba haikuwafikia. Mpango ni mmoja, maneno ni yale yale, kisiwa ni kimoja. Wa mjini akiambiwa "nenda", gari lapita mlangoni pake. Wa shamba akiambiwa "nenda" usiku wa manane, atamwamsha nani, na nauli ataitoa wapi? Sisi wa Ruvuma twalijua swali hilo bila ya kufundishwa. Ifikapo Desemba mvua zikiwa zimeshika, watu wengi huhamia mashamba ya mbali, wakalala vibandani mpaka palizi iishe. Huko mtandao hupatikana juu ya kichuguu kimoja, na simu ikizima hapana pa kuiwasha. Ni kweli umeme wa gridi ya taifa ulifika Songea mwaka 2018, na twashukuru, lakini nguzo hazikufika vibandani.

Jambo jingine la Unguja ambalo twaona ndilo roho ya kazi ile ni ile vocha. Mwanamke hakuwa wa kusikiliza tu, alipewa uwezo wa kujibu. Na hapa yatupasa tuwataje majirani zetu wa Kenya, ambao walifanya jambo dogo kabisa likaleta faida kubwa. Wagonjwa 538 walioanza dawa za Ukimwi, katika kliniki tatu, mbili za Nairobi na moja ya Kajiado, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipelekewa neno la simu kila wiki. Msomaji atadhani lilikuwa onyo la kumeza dawa. Sivyo. Aghalabu lilikuwa neno moja tu: "Mambo?" Na mgonjwa ilimpasa ajibu katika muda wa saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida", na yule aliyenyamaza, wote wawili walipigiwa simu na mhudumu wa kliniki kuulizwa wana nini. Habari hii ilitolewa mwaka 2010. Waliomeza dawa zao kama ipasavyo katika fungu lililoamkiwa walikuwa 62 katika kila 100, na katika fungu la pili 50.

Sisi tulioshika fimbo ya madrasa hatukuona ajabu. Mwanafunzi haambiwi kuwa amelihifadhi somo kwa sababu mwalimu amelisoma mbele yake. Huambiwa hivyo akisha kulirudisha kwa mwalimu kwa ulimi wake, harufi kwa harufi, na mwalimu akamsikiliza. Na akikosa kuja siku mbili, mwalimu mwema hutuma mtoto nyumbani kwao kuuliza ana nini. "Mambo?" ya Kenya ilikuwa ni huko kutuma mtoto. Mgonjwa alijua kwamba akinyamaza, yuko mtu atakayeuliza.

Wataalamu wa nchi za ng'ambo nao wameliandika neno hili kwa lugha yao. Mwaka 2005 bwana mmoja aitwaye Gunther Eysenbach, mtaalamu wa mambo ya afya na intaneti huko Toronto, Kanada, alieleza kwamba kila mpango wa afya wa intaneti hupukutisha watu wake, kama mti wakati wa kiangazi. Wengi huingia, wachache hubaki. Akasema kwamba kupukutika huko kusifichwe kama aibu, bali kuchunguzwe kama jambo lenye maana, maana huonyesha mpango ulifaa wapi na ulichosha wapi. Twaona maneno hayo ni ya haki. Wenye mipango hupenda kutangaza walioingia. Waliotoka wana habari nyingi zaidi, ila hapana awaulizaye.

Tulipowauliza kina mama wa darasa letu la alasiri, wale waliowahi kuandikishwa katika mipango ya namna hii, walitupa sababu zao bila kuona haya. Yuko aliyebadili laini. Yuko aliyezaa, akaona yamekwisha. Mmoja alikuwa ameharibu mimba, na maneno yakaendelea kuja kila wiki yakimhesabia umri wa mtoto asiyekuwako, na yeye hakujua namna ya kuyazuia. Akaivunja laini kwa mkono wake. Neno hilo alilisema taratibu, na barazani pakawa kimya. Twawaomba wale watungao mipango hii walifikiri sana jambo hilo, kwani mlango wa kutokea wahitajiwa kama ule wa kuingilia, tena ujulikane na kila mtu toka siku ya kwanza.

Wengine walisema kwamba maneno ni mazuri lakini yaamuru yasiyowezekana. Chukua habari ya chakula. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mkoa wetu wa Ruvuma, ambao ni ghala la mahindi, umo katika ile iliyozidi kiasi hicho. Watoto wetu hawalali njaa. Hula ugali asubuhi, mchana na usiku, wakashiba, wakadumaa. Simu yasema: mpe mtoto yai. Na kuku wako uani, na mayai yako, lakini yai ndiyo sabuni na chumvi na daftari la shule. Mama aliyesoma neno lile mara tatu, na mara tatu akayapeleka mayai dukani, mara ya nne halisomi. Lakini simu ikimwambia achanganye karanga zilizopondwa katika uji, au asitupe majani ya maboga, au amwongezee mtoto maharage kabla ya ugali, hilo lafanyika leo leo kwa vilivyomo jikoni. Haya tumeyaona yakifuatwa.

Yawapasa vijana wetu wajue pia kwamba nchi hii ilikwisha fanya jambo kama hili kabla ya simu za mkononi kuzaliwa. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliongoza kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12 watu walikusanyika vikundi vikundi, chini ya miembe, madarasani, majumbani, wakasikiliza redio kwa pamoja, wakasoma kitabu kilichoandikwa kwa kazi hiyo, kisha wakajadiliana. Malaria, safura, kichocho, kuhara damu, kifua kikuu: kila juma lilikuwa na lake. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu waliohudhuria walikadiriwa kuwa milioni 2. Wazee wetu wa hapa waikumbuka vizuri. Redio ilikuwa moja kwa mtaa mzima na betri zake hutunzwa kama dhahabu. Lakini mkutano haukuisha redio ilipozimwa. Uliisha watu walipokubaliana nani atachimba choo, lini, na nani atamsaidia mjane kuchimba chake. Mamia ya maelfu ya vyoo vilichimbwa nchini mwaka ule.

Redio ile haikuwa na akili kuliko simu ya leo. Haikuweza kumjua msikilizaji jina lake wala wiki za mimba yake. Tofauti yake ni kwamba mtu aliisikia akiwa ameketi na jirani yake, na kesho jirani angemwuliza: Je, shimo umeanza? Simu ya mkononi humsemesha mtu peke yake, na peke yake hufuta.

Kwa sababu hiyo, hapa kwetu tumeona vema kuyatoa maneno ya simu mfukoni tuyalete barazani. Kila Alhamisi baada ya darasa la kina mama, mwenye kupata neno la afya katika juma lile hulisoma kwa sauti. Mama mtu mzima asiyejua kusoma hati za Kizungu, naye husoma Qurani vizuri sana, hulisikia kama wengine. Aliye na swali huuliza, na lisilojibika huandikwa, kisha mmoja wetu hulipeleka kwa mkunga, au hulipigia namba 199 ya Wizara ya Afya, ile iliyotangazwa sana wakati wa maradhi ya Korona mwaka 2020 kwa kuwa mtu huipiga bure. Waume nao tumewatengea nafasi yao baada ya sala ya Isha, mara moja kwa mwezi. Mwanzoni walikuja watu wanne, na wawili walikuja kwa ajili ya chai.

Barazani ndipo tulipogundua ni uzushi kiasi gani upitao katika simu hizo hizo. Mtu aliyechoka kusoma neno fupi la Wizara husikiliza sauti ya dakika tisa, iliyorekodiwa na asiyejulikana, ikaletwa na WhatsApp ya ukoo. Mwezi wa Aprili 2018 nchi ilipoanza kuwachanja wasichana wa miaka 14 kuwakinga na saratani ya mlango wa kizazi, zilipita sauti za kudai kwamba chanjo ile yafunga uzazi. Chanjo hiyo haifungi uzazi. Aprili 2024 ilianza kutolewa kwa sindano moja tu kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14, na maradhi inayoyakinga ndiyo yanayoongoza kuua wanawake wa nchi hii miongoni mwa saratani zote. Lakini uzushi una vitu ambavyo neno la kweli aghalabu halina: huja kwa sauti ya binadamu, huja kutoka kwa shangazi, huomba upelekwe kwa watu kumi. Wenye kutunga maneno ya afya wangejifunza hapo, na si dhambi kujifunza njia kwa mwizi ili kufunga mlango.

Tena wako wauzao dawa za mitishamba kwa simu, moja itibuyo sukari, shinikizo la damu na ugumba kwa pamoja. Mzee wetu mmoja aliacha vidonge vyake vya shinikizo kwa sababu ya chupa iliyoletwa na basi la usiku. Twashukuru kwamba alisimulia barazani kabla ya kuimaliza, na vijana wawili wakampeleka apimwe siku ya pili yake.

Hapana shaka vifo vya wazazi vimepungua sana katika nchi yetu. Uchunguzi wa mwaka 2015-16 ulihesabu vifo 556 katika kila vizazi hai 100,000, na ule wa 2022 ukahesabu 104. Sababu zake ni nyingi, kama vituo vipya, wakunga zaidi, damu ya akiba na magari ya wagonjwa, na hapana mtu awezaye kuikata simu fungu lake akasema kiasi hiki ni chake. Lakini katika hao 104 waliobaki, tusiwasahau wa vibandani na wa nyumba zenye laini moja.

Kwa mwezi ujao tumepanga kuwaandika wajawazito wote wa mtaa wetu kabla watu hawajahamia mashambani, na kila mmoja kumpa jirani wa shamba lake mwenye simu, atakayempigia kila Jumatatu. Neno la kuuliza bado hatujakubaliana. Vijana wataka liwe "Mambo?" kama la Kenya, na wazee wasema mjamzito haamkiwi hivyo.